Viazi vya Eda

Kama hujawahi kunusa kiazi kilichooza, shukuru Mungu. Panya aliyefia darini ana nafuu. Wiki iliyopita harufu hiyo ilinifukuza jikoni kwangu mwenyewe. Nikatoa kila kitu nje, masufuria, ndoo ya unga, jiko la mkaa, wanangu wakinicheka, mpaka nikamkuta mkosaji nyuma ya mtungi wa gesi. Kilikuwa kiazi kimoja kilichogeuka uji, na pembeni yake mwenzake mdogo, mzima, ameshachipua. Machipukizi yake yalikuwa mafupi, manene, yenye rangi ya zambarau. Nilikishika mkononi kwa muda mrefu kuliko kiazi kinavyostahili. Binti yangu akauliza kama nacho kinatupwa. Nikamwambia akakitupe, kisha nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuikumbuka Kilole, jambo ambalo huwa silifanyi kwa hiari yangu.

Nilikuwa nasubiri kuanza darasa la kwanza mwaka uliokuwa unakuja. Kwetu ni Bungu, juu milimani, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na viazi mviringo vinaota hata mahali ambapo hakuna aliyevipanda. Baba na mama walishinda shambani, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa Bibi, mama yake baba. Nililala kitandani kwake, nikala naye sahani moja, na kwa maoni yangu mimi ndiye niliyekuwa nikimtunza.

Kisha ikaja habari kwamba mume wa shangazi amefariki Korogwe. Shangazi alikuwa mdogo wake baba, binti pekee wa Bibi, aliyeolewa huko chini na fundi seremala, Mzigua wa Handeni, mtu mpole ambaye kila akija kwetu mfuko wake wa shati ulikuwa na pipi. Bibi akashuka kwenye mazishi, na aliporudi alikuwa ameshaamua. Shangazi alitakiwa kukaa eda, na nyumbani kwake hakukuwa na mtoto hata mmoja, wa kuzaa wala wa kulea. Lazima apatikane mtu wa kulala naye na wa kumtuma dukani. Kaka zangu walikuwa shule. Mimi sikuwa na kazi.

"Nitarudi lini?" nikamuuliza Bibi.

Bibi hakuwa mtu wa kalenda. Mimba, ukame, safari ya mtu, vyote alivipima kwa mazao. Eda, ile miezi minne na ushee, kwake ilikuwa msimu mmoja wa viazi, tangu kupanda hadi kuchimba. Akainama uvunguni mwa kitanda, akavuta kapu la mbegu. Mbegu za Bibi zilikuwa vile viazi vidogo visivyofaa kumenywa, saizi ya yai la kuku, ambavyo alivitenga wakati wa kuchimba na kuvilaza gizani mpaka macho yachipue. Akavigeuza kimoja kimoja. Chenye chipukizi refu jeupe alikirudisha kapuni, kwa sababu hicho nguvu zake zimeshaishia kwenye kutafuta mwanga. Chenye machipukizi mafupi manene alikifunga kwenye ncha ya kanga.

"Ukifika, uvipande nyuma ya nyumba," akaniambia. "Jicho liangalie juu. Vitaota, vitatoa maua, halafu majani yatageuka njano na kukauka. Yakikauka, shangazi yako anatoka eda, na wewe unarudi kwangu."

Leo najua alisema vile ili anipe kitu cha kushika, nisilie njia nzima. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Nilisikia kwamba viazi ndivyo vyenye amri. Nikaelewa kwamba eda ni aina ya kifungo, na ufunguo wake nimekabidhiwa mimi.

Kilole, mtaa wa shangazi pale Korogwe, ilinipokea kwa joto. Sikuwa nimewahi kujua kwamba hewa inaweza kuwa nzito. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya tofali na bati, na ua wa nyuma ulizungushiwa mabanzi yaliyobaki kwenye kazi za marehemu. Karakana yake, ubavuni mwa nyumba, ilikuwa imefungwa kwa kufuli, lakini harufu ya mbao ilikuwa bado inapenya chini ya mlango. Shangazi nilimkuta chumbani, amekaa kwenye mkeka, amejitanda nguo nyeupe kuanzia kichwani. Kioo cha kabati kilikuwa kimegeuziwa ukutani. Shangazi niliyemjua mimi alicheka mpaka majirani wakasikia, na alinukia marashi. Huyu alikuwa hanukii chochote.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Masharti nilisomewa na jirani, Mama Zubeda, mama wa makamo aliyekuwa akiisimamia eda ile kama vile yeye ndiye aliyeiamrisha. Shangazi hatoki nje ya ua. Hajipaki manukato wala hajitazami kwenye kioo. Mwanamume anayeweza kumuoa hamwoni, na akija kwa shida ya lazima, wanazungumza pazia likiwa katikati. Kisha akanigeukia mimi. Mimi naruhusiwa kwenda dukani na bombani, na kurudi. Zaidi ya hapo, hapana.

"Kwani na mimi nimefiwa na mume?" nikauliza.

Mama Zubeda alicheka mpaka akashika nguzo. Aliyenijibu ni shangazi, taratibu.

"Ukipotea nani atakutafuta? Mimi siwezi kutoka."

Hoja hiyo hata leo naiona nzito. Yeye alifungwa na eda, mimi nilifungwa na yeye. Watoto wa mtaa ule walicheza rede upande wa pili wa mabanzi na mimi niliwatazama kupitia mwanya, jicho moja kwa zamu. Nilisusa chakula. Nilijifanya naumwa tumbo. Nilimwambia Mama Zubeda kwamba nimeota Bibi anaumwa, naye akanijibu kwamba ndoto za mchana ni za kushiba. Hakuna kilichosaidia, na kila jioni bati lilipoa kwa milio midogo midogo na mimi nikajua siku nyingine imeishia palepale ilipoanzia.

Viazi nilikuwa nimevipanda mara tu nilipofika, karibu na bafu, ambako udongo ulikuwa na unyevu. Shangazi alisimama mlango wa nyuma akinitazama nikihangaika na jembe lililonizidi kimo. Nilipomweleza alichosema Bibi nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu nifike, anatabasamu.

"Mama naye! Viazi mviringo Korogwe?" akasema.

Lakini alishuka, akachutama, akavigeuza viwili nilivyokuwa nimevilaza kichwa chini, akavifukia kwa mikono yake.

Vikaota upesi kuliko kwetu. Huku chini kila kitu kina haraka. Mashina yalikuwa membamba na marefu, yakiinama kutafuta mahali pa kuegemea, nami nikayaona mazuri sana. Nilivimwagilia asubuhi na jioni kwa maji niliyoyabeba mwenyewe kutoka bombani. Shangazi akanifundisha kuvipandishia udongo shinani, kidogo kidogo, bila kuumiza mizizi, na wakati mikono yake iko kwenye udongo alikuwa anazungumza. Alinisimulia jinsi yeye na baba walivyokuwa wakiiba viazi vya Bibi na kuvichoma kwenye majivu, na baba akishikwa alikuwa anamsingizia yeye. Siku hizo chache sikuiona Kilole mbaya sana. Nilidhani sote wawili tunafanya kazi moja, ya kuifupisha eda.

Kisha akaja kaka mkubwa wa marehemu kutoka Handeni. Shangazi alimwita shemeji. Mimi nilimwamkia, shikamoo mzee, akaitikia vizuri na kunishika kichwa. Alikaa sebuleni, shangazi akakaa chumbani, pazia kati yao, nami nikasimama kizingitini nikiwaona wote wawili.

"Poleni sana, shemeji. Mnaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Sikuja kukuharakisha. Eda ni amri ya Mungu, hatuigusi. Ikiisha, wazee watakaa. Kiwanja hiki unajua ni cha ukoo. Na marehemu, Mungu amrehemu, hakuacha mtoto."

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa mkeka akiukunja na kuukunjua. Mgeni akakohoa.

"Nimesikia, shemeji."

Baadaye mgeni alitoka kuutazama ua. Alisimama katikati, akaonyesha kwa fimbo, akisema peke yake kwamba hapa panatosha vyumba viwili vya kupangisha, na choo kihamie kule. Mimi nikamshika mkono nikampeleka kwenye viazi vyangu. Nikamweleza kwamba majani yakikauka, eda imeisha.

"Hee! Basi vitunze, mjukuu wangu," akasema akicheka. "Sote tunavisubiri."

Nilimpenda sana mzee yule. Ndiye mtu mzima wa kwanza pale Kilole aliyetaka ninachotaka mimi.

Baada ya mgeni kuondoka shangazi hakula. Kesho yake hakuja kwenye viazi. Nikaanza kumchunguza, kama watoto wanavyojua kuchunguza, nikagundua jambo lililonitia baridi katikati ya lile joto: shangazi alikuwa hataki eda iishe. Mama Zubeda akisema, "Siku zinakwenda, shoga," yeye aligeuza uso. Nikatafuta sababu na nikapata moja tu. Amenizoea. Anataka nibaki naye hapa ndani daima, nimtume dukani mpaka nizeeke.

Ushahidi ukaja wenyewe. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa vitumba vya maua, na alasiri moja nimetoka kununua chumvi nikamkuta amechutama katikati ya mashina, anavikata kwa kucha na kuvitupa pembeni.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nachuma maua," akasema, wala hakugeuka.

Bibi alisema vitatoa maua, kisha majani yatakauka, kisha nitarudi. Mtu anayechuma maua anataka nini kama si kuyazuia yale yanayofuata? Nilisimama na ile chumvi mkononi nikamchukia shangazi yangu kwa moyo wangu wote. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kiasi kile tena, na nimeshakutana na watu.

Nilikuja kumuuliza nikiwa tayari mama wa watoto wawili, tumekaa tunachambua mchele. Akanishangaa. "Maua yanachumwa ili nguvu ishuke kwenye kiazi. Ulikulia Bungu gani wewe?" Tukacheka. "Lakini siku zile," akaongeza, "sikuwa na haraka na chochote."

Mimi haraka nilikuwa nayo. Nikakaa nikafikiri, na fikra zangu zilikuwa safi kabisa: kama kukauka ndiko kunakotakiwa, mbona navimwagilia? Nikaacha. Ndoo ya jioni nikawa naimwaga mtaroni. Ila kila asubuhi nilipokwenda kutazama nilikuta udongo umelowa. Shangazi alikuwa anavimwagilia nikiwa nimetumwa dukani, na sasa nilielewa kwa nini kila jioni tuliishiwa kitu, leo kiberiti, kesho majani ya chai. Hatukuulizana. Mchana tulikula ugali sahani moja, usiku tulilala kitanda kimoja, na kati yetu kulikuwa na vita ambayo kila mmoja alijifanya haioni.

Hakushinda yeye wala mimi. Mchana mmoja viazi vyote vilinyauka kwa pamoja. Havikugeuka njano kama Bibi alivyosema. Vililegea vikiwa bado kijani, majani yakaning'inia, na kesho yake mashina yalikuwa ya kahawia yamelala chini. Nilipiga vigelegele. Nikavaa gauni langu la Idi, nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikavaa viatu, nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele nikisubiri gari. Sikujua gari linatoka wapi. Nilidhani litajua lenyewe.

Mama Zubeda ndiye aliyenikuta.

"Bibie, safari ya wapi?"

"Eda imeisha. Majani yamekauka."

Alianza kucheka, akamwona shangazi amesimama nyuma yangu, akaacha.

"Eda bado, mwanangu," shangazi akasema. "Hata nusu hatujafika."

"Bibi alisema!" nikapiga kelele. Nikalia mpaka nikatapika. Nikamwambia kwamba yeye ni mbaya, kwamba amechuma maua makusudi, kwamba hata mzee wa Handeni anataka eda iishe na ni yeye tu asiyetaka. Mama Zubeda akanyanyua mkono kunizaba kofi. Shangazi akauzuia ule mkono. Akanishika wangu, akanipeleka nyuma ya nyumba, akachukua jembe.

Tulichimba pamoja. Ile mbegu ya Bibi ilikuwa imeoza, inanuka, inavuja. Kuizunguka kulikuwa na vitu vichache vya mviringo, vidogo kuliko punje za njugu mawe, ambavyo huwezi kuviita viazi bila kuona haya. Shangazi aliviweka kwenye kiganja.

"Ni joto," akasema. "Kiazi cha kwetu hakiwezi huku. Kinakimbilia juu tu, chini hakiachi kitu."

Akakaa kwenye udongo na zile nguo zake nyeupe, akalia. Tangu nifike nilikuwa sijamwona analia. Wanawake waliokuja kumpa pole walilia, yeye aliwagawia chai. Sasa alilia mdomo wazi, mabega yakitikisika, na kile kiganja bado amekinyoosha. Chuki yangu yote iliyeyuka palepale. Nilidhani analilia viazi.

"Usilie, shangazi," nikamwambia. "Bibi ana vingine."

Akanivuta akanibana kifuani, akazidi kulia.

Baada ya hapo ndipo kifungo kilipoanza kweli, maana sikuwa tena na kitu cha kutazama kikikua. Ua ulikuwa ua, mabanzi yalikuwa mabanzi. Niliacha kuuliza nitarudi lini. Shangazi naye aliacha kuuficha msiba wake. Akawa anashinda anapitapita ndani ya nyumba, akigusa milango ambayo mumewe alitengeneza, akifungua na kufunga, anasikiliza bawaba. Mimi nilimfuata nyuma nikishika ncha ya nguo yake, nikiamini tunacheza.

Eda ilipoisha waliijua wakubwa kwa hesabu zao. Wanawake walikuja asubuhi wakamwogesha shangazi, wakasoma dua, wakamvika gauni jipya la maua, wakamfukiza udi. Mama Zubeda akakigeuza kioo cha kabati. Nilicheza ngoma peke yangu uani kwa furaha. Baada ya adhuhuri wakaja wazee kutoka Handeni, na yule mzee wangu akiwa mbele.

Pazia lilikuwa limefungwa pembeni sasa. Wao walikaa kwenye viti alivyovitengeneza marehemu, shangazi akakaa kwenye mkeka. Upande wetu hakuna aliyekuwa ameitwa. Walizungumza vizuri sana. Hakuna aliyepaza sauti, na mpaka leo naogopa watu wengi wanaozungumza kwa upole. Wakasema nyumba inarudi kwa ukoo. Wakasema shangazi ni dada yao daima na Handeni ni kwake wakati wowote akitaka kuja kusalimia. Wakasema kitanda ni chake, na godoro, na vyombo. Kwamba dini yenyewe imemtengea mjane fungu lake, hilo siku ile hakuna aliyelikumbuka, ingawa asubuhi dua ilisomwa ndefu.

"Una neno, shemeji?"

Shangazi aliangalia juu, kwenye kenchi za paa.

"Naomba mnifungulie karakana," akasema. "Nichukue randa yake."

Wakamfungulia. Randa ni kile chombo cha kulainishia mbao. Aliifunga ndani ya kitenge, akaiweka kwenye beseni pamoja na masufuria. Kitanda alimwachia Mama Zubeda.

Tulipanda gari la mlimani siku iliyofuata. Niliimba njia nzima. Kila kona gari likipanda hewa ilizidi kupoa, nami nikamwonyesha shangazi, ona migomba, ona ukungu, ona yule mbuzi, kana kwamba hakuzaliwa huko. Alikuwa anaitikia, ndiyo, nimeona. Mimi nilikuwa narudi nyumbani. Yeye alikuwa anarudishwa, na katika umri wangu ule sikujua kwamba kuna tofauti.

Tulishuka jioni. Bibi alikuwa anajua nitarudi, maana eda imeisha, lakini hakuna aliyemwambia kwamba tunakuja wawili. Nilitangulia mbio mpaka uani, nikaona moshi unatoka jikoni, nikataka kupiga kelele, kisha nikageuka kwa sababu sikusikia hatua nyuma yangu. Shangazi alikuwa amesimama mwisho wa njia, godoro kichwani, beseni mkononi, anaitazama nyumba aliyozaliwa. Akatua mizigo chini. Akajifunga kanga vizuri, akajipangusa uso, akasogea hadi karibu na mlango, akasimama.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Mwiko wa Bibi ukanyamaza ndani ya chungu.

"Sauti hiyo naijua," Bibi akasema kutoka kwenye moshi. "Nani huyo anapiga hodi kwao?"

Shangazi akafungua mdomo. Nikaona anahangaika, nikamwonea huruma, nikaona nimsaidie kujibu. Nikaijaza hewa kifuani na kupaza sauti kwa furaha yangu yote, ili hata majirani wasikie habari njema:

"Ni shangazi, Bibi! Ametoka eda!"